Siku Awinja Alipoifungua Kompyuta ya Baba Yake

Mwaka wa 2005 kulikuwa na kompyuta katika nyumba yetu ya Shianda, na ilikuwa ya mume wangu. Kila mgeni aliyetutembelea alilijua hilo kabla hajaketi. Phanuel alikuwa fita katika kiwanda cha sukari, mtu wa kufungua, kusafisha na kukaza vinu vinavyokamua miwa, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na miwili. Wakati huo miwa ilikuwa inalipa. Mabati mapya yaling'aa pande zote za barabara, na wafanyakazi walipopewa bonasi, wenzake walinunua pikipiki au ng'ombe wa maziwa. Yeye alirudi na kompyuta. Alisema ni ya watoto kujifunzia kuchapa. Baada ya wiki mbili aligundua kwamba ndani yake mna mchezo wa mashindano ya magari, na tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyechapa hata jina lake.

Sikumlaumu. Mtu aliyekuwa akirudi kutoka zamu na shingo iliyokauka kama gogo aliketi mbele ya kioo kile akawa mwepesi. Gari lilipokata kona ya kushoto, naye aliinama kushoto. Liliporuka kilima, alinyanyuka kitini. Kila Jumamosi alasiri alikuja Chrispinus, mtu wa makamo aliyefanya kazi chini yake katika zamu hiyohiyo, wakashindana mpaka chai ikapoa. Chrispinus hakuwahi kumshinda, ila mdomo wake ulishinda kila mara.

Krismasi ilipopita, Phanuel alinunua mchezo mpya mjini Kakamega. Jalada lake lilikuwa na picha ya gari lililofunikwa kwa matope, naye alilishika kama mtu aliyebeba mayai. Alipouweka mchezo, kompyuta iliandika maneno mawili matatu kwenye kioo, kisha ikakaa kimya. Alijaribu mara nne. Mara ya tano alimwita Awinja.

Awinja ni binti yetu, kifungua mimba. Alikuwa na miaka ishirini wakati huo. Baada ya kumaliza kidato cha nne alifanya kazi mwaka mzima katika duka la kompyuta huko Mumias, ambako watu walilipa kwa dakika ili wasome barua pepe zao, na mashine ilipokufa yeye ndiye aliyesimama nyuma ya fundi akatazama. Alitazama hadi fundi akachoka kutazamwa, akampa bisibisi. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu, kusomea ufundi wa kompyuta mjini Kakamega. Baba yake alikuwa amekwisha kumwombea nafasi katika chuo cha ualimu. Awinja alikuwa amemwomba baba abadili nia, mara tatu, na mara tatu alijibiwa kwamba ualimu ni mshahara, na kompyuta ni mchezo.

Siku ile aliyasoma maneno ya kioo, akasema, "Papa, haijaharibika. Inasema kumbukumbu yake ni ndogo, na haina kadi ya picha ya kuuweza mchezo huu. Vitu hivyo huongezwa."

"Huongezwa na nani?"

"Na mimi."

Chrispinus, aliyekuwa ameketi na kikombe chake, alipiga paja. "Fita, umezaa fita!"

"Nimezaa mwalimu," Phanuel alisema.

"Basi umwache mwalimu aifungue, tuone kama atafundisha chuma."

Phanuel alikunja mikono. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba alikuwa anatafuta njia ya kumaliza maneno yale moja kwa moja. "Sikiliza, Awinja. Jumamosi ijayo utaifungua. Ikiwaka, na Chrispinus akaendesha mbio moja ya mchezo huu tangu mwanzo hadi mwisho bila mashine kuzimika, utakwenda Kakamega kusomea hayo mambo yako. Ikishindwa, Jumatatu yake unachukua sanduku, unaripoti chuoni, na neno kompyuta nisilisikie tena. Chrispinus ni shahidi."

"Mimi ni shahidi na ni dereva," Chrispinus alisema. "Hata kortini hawanaga mtu kama mimi."

Awinja alikubali. Alikubali haraka mno hata moyo wangu ukashtuka.

Katika wiki ile alikwenda Kakamega, akarudi na vitu vitatu alivyovinunua kwa akiba yake katika duka la mtu aitwaye Maina: kipande cha kumbukumbu chembamba kama biskuti, kadi ya picha yenye rangi ya kijani, na kisanduku kipya cha kugawa umeme, kwa sababu, alinieleza, kadi ile ingekula umeme mwingi kuliko kile cha zamani kilivyoweza kutoa. "Ni kama kuongeza ng'ombe wa kulima, Mama. Lazima uongeze na majani."

Jumamosi asubuhi alianza. Nimekwisha kuwaona wakunga wawili wakifanya kazi, na nimemwona mume wangu mwenyewe akipanga spana zake, lakini mikono iliyotulia kama ile ya mwanangu siku ile sikuwa nimeiona. Kwanza alichomoa waya wa umeme. Kisha aliweka kiganja juu ya bati la sanduku la mashine, akakiacha hapo kidogo. Nilimuuliza kama anaiombea. Alicheka. "Mwili huwa na umeme wake, Mama, mdogo sana. Nikigusa bati unaondoka. Nisipogusa, naweza kuua kadi na nisisikie chochote."

Alipoufungua ubavu, tuliona masizi. Moshi wa kiwanda ulikuwa umeingia hata humo. Majivu meusi ya miwa yalikuwa yamelala juu ya kila kitu. Aliyafagia kwa brashi ndogo ya kupaka rangi, polepole, akipuliza kwa midomo. Aliniomba niketi karibu yake na daftari. Kila kitu alichokigusa alikitaja, nami nikakiandika. Kila skrubu aliyoitoa niliifunga katika kipande cha karatasi chenye jina la mahali ilikotoka, tukavipanga vipande hivyo katika uteo kwa mfuatano wake. Ilikuwa njia ya baba yake. Hivyo ndivyo kiwandani walivyofanya kila mwaka walipovivunja vinu kwa matengenezo, wala hakuna aliyemfundisha Awinja. Alikuwa amemsikia tu akieleza mezani.

Kufikia saa sita vitu vyote vitatu vilikuwa vimekaa mahali pake. Kilichobaki kilikuwa kufunga ubavu na kuwasha. Awinja alisema ataoga kwanza ili asiikabili saa ile na jasho, akaenda.

Hapo ndipo Phanuel alipoingia sebuleni. Alitazama mlangoni, akatazama dirishani, akatoa mfukoni kopo dogo. Nililijua kopo lile. Lilikuwa la grisi ya kiwandani, ile nzito yenye rangi ya asali iliyoungua, wanayoitia katika beringi za vinu.

"Baba Awinja, unafanya nini?"

"Shh. Feni hii imekuwa ikilia tangu Krismasi. Hujaisikia? Fundi haachi beringi ikilia. Ni aibu."

Alifungua skrubu nne, akaibandua ile feni ndogo iliyokaa juu ya moyo wa mashine, akaigeuza, akaondoa kibandiko cha karatasi mgongoni mwake. Kwa kijiti cha kiberiti alitia grisi, akaongeza, akaizungusha kwa kidole, akaongeza tena. Kisha akairudisha kama ilivyokuwa.

"Na mapatano yenu?" nilimuuliza. "Wewe si unataka ashindwe?"

Alifuta kijiti kwenye suruali. Alikuwa na uso wa mtoto aliyekutwa jikoni. "Nilisema itakuwaje akishindwa. Sikusema nataka ashindwe. Usimwambie, tafadhali. Anapaswa kushinda kwa mikono yake."

Nilimwahidi. Na ninakiri kwamba nilipobaki peke yangu nilikaa nikitabasamu, kwa sababu nilikuwa nimeolewa na mtu mwema kuliko maneno yake.

Chrispinus alifika saa tisa, amevaa shati la kanisani. "Mulamwa, shemeji yangu, habari? Dereva amefika. Ingokho iko jikoni au nirudi kesho?"

"Kuku yuko jikoni, shemeji. Endesha kwanza."

Awinja alifunga ubavu wa sanduku, akabonyeza kitufe. Mashine iliwaka. Alitega sikio, akasema kwa furaha, "Leo feni haipigi kelele. Yalikuwa masizi." Phanuel aliangalia miguu yake. Mchezo uliingia, na sote tukapaza sauti, hata mimi. Sikuwa nimejua kwamba kioo kile kinaweza kuonyesha mambo kama yale. Matope yaliruka. Majani yalitikisika gari lilipopita. Vumbi lilibaki hewani, likatua taratibu. Phanuel alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo, akasema polepole, "Hata kivuli cha gari kinakimbia nalo."

"Sogea, Fita, siioni barabara," Chrispinus alisema. Alianza mbio. Aligonga mti, akagonga uzio, akalaani, akaingia mzunguko wa pili. Kioo kikawa cheusi.

Awinja aliiwasha tena. Ilikaa dakika chache, ikazima. Mara ya tatu haikumaliza hata mzunguko mmoja.

"Mwalimu Awinja," Chrispinus alisema, "chaki nyeupe au za rangi?"

"Bado, Ankoli. Sijamaliza."

Aliufungua ubavu. Aliitoa kadi mpya, akaunganisha kioo kama zamani, akaiwasha na kuiacha ikae bila mchezo. Ikazima. "Basi si kadi," alisema. Alitoa kumbukumbu mpya. Ikazima. "Wala si hii." Akarudisha kisanduku cha zamani cha umeme, kazi iliyomchukua nusu saa, nami nikimpa skrubu moja moja kutoka katika uteo. Ikazima tena. Alivipanga vitu vyote vitatu mezani, akavitazama kwa namna mtu anavyowatazama watu aliowashuku bure.

"Mama, nisomee. Kila kitu tulichogusa."

Nilimsomea daftari. Nilipofika mwisho sauti yangu ilikuwa imefifia, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja kilichoguswa ambacho sikukiandika. Hata hivyo sikuwaza kwamba ndicho. Grisi ilikuwa dawa. Katika nyumba yetu, grisi ilikuwa imetulisha kwa miaka ishirini na miwili.

Awinja aliiwasha mashine ikiwa wazi, akainama. Sasa feni ilionekana. Ilikuwa inazunguka kama mzee anayepanda mlima, inapumzika, inasogea. Aligusa bati lenye meno lililo chini yake, akaondoa kidole haraka kwa joto. Alizima. Akaifungua feni, akaigeuza, akaweka ncha ya kidole mgongoni mwake. Kidole kilirudi na rangi ya asali iliyoungua. Alikinusa.

Nyumba nzima ilikuwa na kopo moja tu la grisi ile, na Awinja alikuwa ameijua harufu yake tangu alipokuwa akibebwa na baba yake kutoka lango la kiwanda. Alinitazama mimi. Kisha alimtazama baba yake, kwa muda mfupi sana, halafu akamtazama Chrispinus, aliyekuwa akinyoosha shingo aone. Akachukua kitambaa, akaifuta feni upesi, akakikunja kitambaa kwa ndani.

"Nimepata," alisema. "Ni feni. Imekuwa nzito, haipozi, na mashine ikipata joto hujizima yenyewe isiungue. Ni kosa langu. Nilipaswa kuikagua kabla ya kufunga."

"Kosa lako!" Chrispinus alisema. "Shahidi amesikia. Basi, Fita, umepata mwalimu wako. Mulamwa, hiyo ingokho tuile kwa huzuni au kwa furaha?"

Sijui kama nimewahi kuumwa na ahadi kama siku ile. Mwanangu alikuwa amelibeba kosa lisilo lake, na kulibeba kulimgharimu kitu pekee alichokitaka. Wala hakulibeba kwa ujinga. Alijua kwamba Jumatatu Chrispinus angekuwa kiwandani, na kwamba fita mkuu wa zamu kuharibu kimashine cha nyumbani kwa grisi ya kinu ni hadithi ambayo watu wangeila kwa mwaka mzima. Nilifungua mdomo. Phanuel aliinua mkono, nami nikaufunga mdomo.

Alikuwa ameona pembe ya kitambaa. Aliinuka, akakichukua mkononi mwa Awinja, akakikunjua. Aliigusa ile alama ya grisi kwa kidole gumba.

"Grisi inaweza kuizuia isizunguke?" alimuuliza. Alimuuliza kama mtu anavyomuuliza fundi mwenzake.

"Hii ya kinu ni nzito, Papa. Kinu kina nguvu ya kuisukuma. Feni hii nguvu yake ni ndogo kuliko ya nyuki."

"Na ulijua ni nani."

Awinja aliilaza feni mezani.

"Chrispinus," Phanuel alisema, "grisi niliitia mimi, leo saa sita, mtoto akiwa bafuni. Hakuna alichokosea."

Chrispinus alitazama feni, akamtazama Phanuel, akacheka hadi akashika meza. "Wewe? Grisi ya kinu! Kwa kitu kinachotosha kwenye kikombe! Fita, ungeleta na nyundo ya pauni kumi na nne tuimalize kabisa!"

"Cheka. Ukimaliza uniambie."

"Sijafika hata nusu."

"Na Jumatatu usiwaambie wenzetu. Nitawaambia mwenyewe, wewe utaongeza chumvi." Kisha akamgeukia Awinja, na sauti yake ikashuka. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, Papa? Mbele ya mtu wa kazini kwako?"

Phanuel alitikisa kichwa, akaketi, akasugua uso kwa viganja vyote viwili. Chrispinus aliacha kucheka. Alikohoa kidogo, akasema sasa bila mzaha, "Huyu msichana, Fita, ana adabu kuliko sisi wawili."

"Inatengenezeka?" Phanuel aliuliza.

"Inatengenezeka. Mama, nipe mafuta ya cherehani."

Nilimletea chupa. Aliiosha feni kwa pamba na spiriti, akatoa grisi yote, hata ile iliyoingia ndani kabisa, kwa ncha ya sindano iliyozungushiwa uzi. Baba yake alivuta kiti, akaketi kando yake, akamshikia taa ya mkononi. Mwishoni Awinja alichovya sindano katika mafuta, akaacha tone moja lidondoke katika shimo. Tone moja tu. Phanuel alingoja la pili. Alipoona hakuna la pili alisema, "Basi?"

"Basi, Papa."

"Tone moja." Alilirudia neno hilo kwa heshima. "Sisi huwanga tunatia ndoo."

Awinja alirudisha feni, kisanduku kipya cha umeme, kumbukumbu na kadi, kila skrubu mahali pake, na safari hii hakuhitaji kunisikia nikisoma. Aliwasha. Feni ililia kwa sauti nyembamba, kama mdudu mwenye afya. Chrispinus alikaa kitini, akaendesha mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alimaliza mbio akiwa wa mwisho kati ya magari kumi na mawili, akainua mikono juu kama aliyeshinda dunia.

"Shahidi anasema imemaliza!"

"Mapatano yalisema mashine isizimike," Awinja alisema. Alisema ukweli hata dhidi yake mwenyewe, nami nilitamani kumfinya. "Ilizimika, Papa. Mara nyingi."

"Ilizimika kwa mkono wangu." Phanuel alibaki akiitazama mashine. "Hiyo kozi ya Kakamega inaanza lini?"

"Jumatatu. Siku ileile ya kuripoti chuo cha ualimu."

"Na yule mkuu wa chuo cha ualimu niliyemsumbua miezi minne kwa ajili ya nafasi?"

"Ni wewe uliyezungumza naye, Papa."

"Mimi ndiye." Alifikiri. "Basi kesho baada ya ibada nitakwenda kwake. Nitamwambia nafasi ile ampe mwingine, kwa sababu nilimpeleka fundi mahali pa mwalimu. Mama Awinja, lile shati jeupe liko safi?"

"Liko safi," nilisema, na nilikwenda jikoni upesi ili nisionekane.

Niliporudi na obusuma, ugali wetu, na kuku, baba na binti walikuwa bado wameinama juu ya sanduku lililo wazi. Binti alikuwa akimwonyesha baba kwa ncha ya bisibisi: hiki hukumbuka, hiki huchora, hiki hugawa. Naye baba aliuliza, akajibiwa, akauliza tena. Upande wa pili wa meza Chrispinus alikuwa ameanza mbio nyingine bila ruhusa ya mtu, na gari lake lilikuwa limezama kwenye matope, magurudumu yakizunguka bure.

"Awinja! Fundi! Hii kitu hurudi nyuma namna gani?"

Aliacha bisibisi, akapita nyuma ya kiti, akanyoosha mkono juu ya bega lake, akamwonyesha kitufe.